Kamera Iliyopita Mikononi mwa Fundi

Alasiri moja ya mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekaza na kuta za nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zimelowa maji mpaka chokaa inabanduka, nilimpelekea fundi mmoja wa kamera, mzee aliyeianza kazi hiyo katika zama za filamu, lenzi niliyokuwa nimeinunua siku tatu nyuma kwa furaha ya mtu aliyeokota johari njiani. Mzee hakuitazama kama nilivyoitazama mimi dukani. Alizima taa ya chumba, akalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, akaweka tochi ndogo kwa nyuma yake, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, usikitazame kioo, tazama ndani ya kioo." Nikaona, pembezoni mwa kioo cha pili, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, zimetambaa kutoka kitovu kimoja kama mizizi ya mche uliooteshwa ndani ya chupa. Ilikuwa kuvu. Muuzaji alinieleza kuwa lenzi ile ni refabishi, imekaguliwa na kusafishwa, nami nikasadiki, kwa sababu kioo cha mbele kiling'aa na boksi lake lilikuwa jipya.

Neno hilo refabishi limeingia katika biashara yetu kwa mlango wa simu na kompyuta, na sasa limefika kwenye kamera, ambako hubandikwa juu ya kila kitu kilichowahi kushikwa na mkono wa mtu mwingine. Maana yake ya asili, hata hivyo, ni finyu na ina heshima zake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humpa mtu aliyeagiza bidhaa kwa mbali, bila ya kuiona dukani, siku 14 za kuirejesha pasipo kulazimika kutaja sababu. Na kwa hivyo kila siku hurudi kwa wauzaji kamera ambazo mwenyewe aliziwasha mara mbili tu, akaziona nzito au akajutia fedha yake, na kamera hizo, ijapokuwa hazina kasoro yoyote, haziwezi tena kuuzwa kwa jina la mpya. Huchanganyika nazo zile zilizosimamishwa katika maonyesho, zile zilizopata mkasa safarini hata maboksi yake yakapondeka, na zile ambazo kwa hakika zilitoka kiwandani na aibu, zikarudishwa, aibu hiyo ikatafutwa na kuondolewa. Mwenye kiwanda huzipima upya, hubadilisha kilichoharibika, hufuta alama za mwenyewe wa kwanza, kisha huziuza kwa bei pungufu pamoja na hati ya dhamana. Kampuni ya Canon nchini Marekani, mathalan, huuza kamera na lenzi ilizozikarabati yenyewe kwa dhamana ya mwaka mmoja.

Chini ya daraja hiyo ya kwanza kuna ya pili, ambayo mimi siidharau hata kidogo: wafanyabiashara wa kamera zilizotumika walio na karakana na mafundi wao, mfano wa KEH ya jimbo la Georgia, Marekani, iliyoanza mwaka 1979, au MPB ya mji wa Brighton, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2011. Hao hununua kwa watu, hukagua, hukipa kila kifaa daraja kwa kadiri ya uchakavu wake, na MPB humwonyesha mnunuzi picha za kifaa kile kile atakacholetewa, si za ndugu yake aliye mzuri zaidi. Halafu kuna daraja ya tatu, nayo ndiyo iliyonipata mimi: mtu mwenye kitambaa laini, chupa ya dawa ya kusafishia vioo na rundo la maboksi meupe. Kitu cha mtu huyo ni mtumba uliopanguswa. Wala silitaji neno mtumba kwa dharau, kwani wengi wetu tumevaa mitumba tukaenda nayo shule na arusini, na mtumba unaotajwa kwa jina lake ni biashara ya halali; lililo baya ni kumtoza mnunuzi bei ya ukaguzi ambao haukufanyika.

Maana chuma ni kile kile na kioo ni kile kile. Kinachoitenga kamera iliyokarabatiwa na ile iliyotumika ni kuwa ya kwanza ina shahidi. Yupo mtu aliyeifungua, akaona hali yake, na yuko tayari kusimama mbele ya neno lake kwa muda uliotajwa. Wanavyuoni wa fiqihi waliyajua haya karne nyingi kabla ya kamera kuzuliwa, wakaweka mlango mzima wa khiyari, na ndani yake haki ya mnunuzi kumrudishia muuzaji bidhaa ambayo aibu yake ilifichwa. Na adabu hiyo ndiyo waliyolelewa nayo wafanyabiashara wa pwani yetu. Kwa hiyo mwenye kwenda kununua asianze na bei. Aulize ni nani aliyeikagua kamera, alikuta nini, alibadilisha nini, na iwapo itakufa baada ya wiki sita itarejeshwa wapi. Na majibu ayatake kwa maandishi, juu ya stakabadhi yenye namba ya kamera yenyewe, ile iliyochapwa chini ya tumbo lake, ailinganishe tarakimu kwa tarakimu kabla ya kutoa fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko hili vyote viwili hujitembeza ndani ya maboksi yanayofanana, na ila hiyo karatasi hakuna cha kuvipambanua.

Nitatoa mfano unaojulikana sana na wapiga picha. Mwezi wa Septemba 2012 kampuni ya Nikon ilitoa kamera iitwayo D600, yenye pikseli milioni 24 na sensa, kile kipande kinachopokea nuru badala ya filamu, yenye upana wa filamu ya kale ya milimita 35, kwa bei ya dola 2,100 hivi nchini Marekani, bei iliyokuwa ndogo kwa sensa ya ukubwa ule. Haukupita muda wanunuzi wakaanza kuona madoa meusi katika mbingu za picha zao, hasa pembe ya juu kushoto: vumbi na matone ya mafuta yalikuwa yakitua juu ya sensa, na kila yakisafishwa yalirudi. Mwezi wa Oktoba 2013 ikatoka D610, iliyofanana na nduguye takriban kwa kila kitu ila shata yake, na mwezi wa Februari 2014 Nikon ikatangaza kuwa itazikagua D600, kuzisafisha na kuzibadilishia shata bila ya malipo, hata zile ambazo muda wa dhamana yake ulikuwa umekwisha. Basi mtu na apime mwenyewe: iwapo mbele yake zipo D600 mbili, moja haijaguswa tangu itoke kiwandani, na nyingine ilitumika, ikalalamikiwa, ikarudishwa na kutiwa shata mpya, ni ipi iliyo bora? Mimi ningeichukua ile ya pili bila ya kusita, mradi nioneshwe karatasi ya matengenezo. Hapo kilichokarabatiwa kimekipita kipya, kwa kuwa aibu yake imekwisha kujulikana na kutibiwa.

Hiyo shata ni pazia dogo mbele ya sensa, lifungukalo na kufunga kila picha inapopigwa, na kama kiungo chochote kiendacho mbio, ina umri wake. Canon waliipima shata ya EOS 5D Mark III, kamera iliyotoka mwaka 2012, kwa mapigo 150,000; ile ya Nikon D850 ilipimwa kwa 200,000; na kamera kubwa za wanahabari, kama EOS-1D X, kwa 400,000. Hesabu hizo si ajali iliyoandikwa, kwani shata nyingine huzipita na nyingine hufa mapema, lakini humwonyesha mnunuzi kamera imeishi maisha gani. Mpiga picha za harusi anayepiga picha 1,500 kwa harusi moja, naye ana harusi 40 kwa mwaka, atazimaliza 150,000 kwa miaka miwili na nusu, ilhali mtu mwenye kupiga picha 3,000 kwa mwaka, za watoto na za Sikukuu, angehitaji miaka 50. Kamera mbili za mwaka mmoja, rangi moja na bei moja zaweza kuwa moja ni kijana na nyingine ni kikongwe, na usoni usione tofauti.

Kuijua hesabu ya picha ambazo kamera imekwisha kupiga hakuna taabu kubwa. Kamera nyingi za Nikon huiandika ndani ya kila picha, kwa hivyo inatosha kupiga picha moja dukani, kuondoka nayo katika memori kadi yako, na kuisoma kwa programu ya kompyuta. Kamera nyingi za Canon haziiandiki, na yataka kuziunganisha na kompyuta kwa waya ndipo zitoe siri yake. Muuzaji anayekuzuia usipige hata picha moja kwa kadi yako amekwisha kukujibu. Ama katika kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, kipimo hiki kimeanza kupoteza maana, kwani nyingi zaweza kupiga picha kwa umeme mtupu bila ya pazia kutikisika, na Nikon Z9, iliyotoka mwaka 2021, haina pazia hilo kabisa.

Zamani ushahidi wa namna hii ulikuwa ukisomwa kwa mkono. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, alifanya kazi katika dunia ambamo kamera ilikuwa chuma, ngozi, springi na vioo. Na fundi mwenye bisibisi nzuri na subira aliweza kuifungua yote juu ya kitambaa, akaona kwa macho jino la gurudumu lililolika, akasikia kwa sikio kasi iliyolegea. Kamera ya leo huzeeka ndani ya vipande vya umeme ambavyo havipigi kelele mpaka siku vinapozimika, na ndiyo sababu shahidi anahitajika leo kuliko wakati ule.

Lakini lenzi bado ni kitu cha kale, na macho ya mtu bado yanaifaa. Adui yake mkubwa katika mwambao wetu ni ile kuvu niliyoonyeshwa na mzee. Mbegu zake zimo hewani kila mahali. Zikitua juu ya kioo, zikakuta giza, na unyevu wa hewa ukazidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, huota, zikila vumbi na mafuta ya vidole, na katika kukua kwake hutoa asidi inayotafuna ule utando mwembamba wa rangi ya zambarau au kijani ambao kiwanda huupaka kioo ili kisirudishe nuru. Kuvu ikigunduliwa mapema fundi huweza kuifungua lenzi na kuipangusa; ikiwa imekaa, nyuzi zitaondoka lakini kovu lake litabaki limechorwa juu ya utando, wala hakuna dawa ya kulifuta. Kabati la nguo katika nyumba ya Lamu au Unguja, ambamo wengi huhifadhi kamera kwa kuiogopea wezi na watoto, lina giza na unyevu vyote viwili, na mkoba wa ngozi uliofungwa huzidisha. Inafaa zaidi sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachoshika barabara, na ndani yake kifuko cha zile punje za silika zinazonyonya maji, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu kikae baina ya asilimia 40 na 50. Punje za buluu zikishiba hugeuka waridi. Huanikwa karibu na moto mpaka zirudi rangi yake, zikatumika tena. Mchele, ambao watu hupenda kuutumia badala yake, huacha unga, na unga ni chakula.

Basi mwenye kununua lenzi aende na tochi. Aitazame kwa nyuma na kwa mbele, akiigeuza polepole, kwa kuwa nyuzi za kuvu hujificha mpaka nuru izipate ubavuni. Ukungu mweupe ulioenea kama pumzi juu ya kioo nao ni ugonjwa, hufanya picha ziwe hafifu kama zilizofunikwa shashi. Avitazame vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu: viwe vikavu, kwa maana vikiwa na mng'ao wa mafuta vitakuja kunata. Aupapase kwa kidole ukingo wa mbele ambamo huzungushwa kichujio, kwani hapo ndipo lenzi iliyoanguka inapobonyea, na azitazame skrubu: kichwa cha skrubu kilichochubuka ni alama ya mkono uliofungua bila ya bisibisi ya kufaa, na fundi wa kiwandani hana mkono huo. Chembe chache za vumbi ndani ya lenzi zisimtishe, maana hata lenzi mpya huwa nazo na picha haizioni. Watu hukataa lenzi njema kwa chembe tatu za vumbi, kisha wakaichukua yenye kuvu kwa sababu kioo chake cha mbele kimepanguswa vizuri; nami nilikuwa mmoja wao.

Sensa hupimwa kwa kulifunga tundu la lenzi mpaka f/16 na kupiga picha ya ukuta mweupe au mbingu isiyo na mawingu, kisha kuikuza picha hiyo na kutafuta madoa. Ikiwa ni vumbi litasafishwa. Ikiwa ni mchubuko, muache mwenyewe na kamera yake. Betri nayo isisahauliwe, kwa kuwa betri ghushi ndiyo bidhaa iliyo rahisi kuliko zote kuingizwa ndani ya boksi la refabishi: kamera nyingi za Canon tangu 5D Mark II huonyesha katika menyu yake miraba mitatu ya hali ya betri, na miraba ikiwa imebaki mmoja mwekundu, toa bei ya betri mpya kutoka katika bei ya kamera.

Kamera nyingi za watu wa kwetu hupitia mkononi mwa jamaa aliye Maskati au Dubai, na katika njia hiyo limo jambo linalowaumiza wengi. Mpwa wangu, aliye Maskati mwaka wa tisa sasa, alipopata habari ya msiba wa lenzi yangu alinipigia simu, "Shikamoo mjomba, kwa nini hukuniambia mapema? Ningekutafutia huku." Nikamjibu kwamba nitakubali kwa sharti moja, atume kwanza picha ya hati ya dhamana, si picha ya kamera. Kwa maana dhamana aghalabu hufungwa na nchi iliyouzia, na kamera iliyonunuliwa Ghuba, ikiharibikia Tanga, italazimika kurudi ilikotoka, ikilipiwa nauli ya kwenda na ya kurudi. Na mwenye kujua hayo huitia nauli hiyo katika hesabu tangu mwanzo, au humtaka jamaa aitumie kamera mwezi mzima huko huko kabla ya kuileta, ili kama ina aibu ijidhihirishe karibu na dirisha la kurudishia. Jambo jingine ni lugha. Kamera za Sony zinazotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kwa kawaida zina menyu ya Kijapani pekee, wala hazigeuzwi. Na kwa kuwa vitu vilivyotumika vya Japani vina sifa njema kwetu tangu zamani za magari, wapo walionunua kamera nzima, safi, na rahisi, wakashindwa kusoma hata neno lake moja.

Fedha ikiwa haitoshi vyote, iende kwenye lenzi. Canon walianzisha shingo ya lenzi zao za EF, yaani mahali zinaposhikana na kamera, mwaka 1987, na walipotoa shingo mpya ya RF mwaka 2018 walitoa pamoja nayo kiungo cha kuzivalia zile za kale, hata lenzi iliyonunuliwa miaka 30 nyuma ikaendelea kufanya kazi juu ya kamera ya leo. Mwili wa kamera huwa na sifa miaka mitano, kisha hupitwa. EOS 5D Mark III iliuzwa dola 3,499 ilipotoka, na leo hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, ingali na pikseli zake milioni 22 na uwezo wa kupiga harusi yoyote ya mwambao huu. Na ndiyo maana mwili ni wa kununuliwa uliotumika, kwa utulivu, baada ya mwenye haraka kulipa gharama ya haraka yake.

EOS 5D Mark III hiyo ndiyo aliyoniletea mpwa wangu, iliyokarabatiwa, yenye dhamana ya miezi sita na karatasi inayotaja kwa mkono wa fundi kuwa mpira wa kushikia ulibadilishwa na shata ilikuwa imekwisha kupiga 31,000. Nilimpelekea mzee wa Mji wa Kale aitazame, naye akaisoma karatasi kwanza, miwani ikiwa puani, kabla ya kuigusa kamera. Lenzi yangu ya kwanza alikuwa amekwisha kuisafisha. Nyuzi ziliondoka, na pale zilipokuwa pamebaki mchoro hafifu ambao mchana wa kawaida hauonekani. Huonekana asubuhi mapema, nikiielekeza baharini jua linapochomoza nyuma ya majahazi: mwanga humwagika juu ya picha kutoka pembe moja, kama maziwa ndani ya maji. Mzee hakupenda ilale na nyingine, kwa hiyo ina sanduku lake peke yake, na punje zake za silika, ambazo wiki hii zimegeuka waridi tena.